Usiikate Kanda ya Harusi

Vijana wa Amu, yaani Lamu, wanaoanza kuonja utamu wa udi huuliza swali moja: nianze na albamu ipi ya Zein l'Abdin? Jibu fupi ni "Mtindo wa Mombasa", iliyotolewa London mwaka 1990 na kampuni ya GlobeStyle. Sauti imenaswa kwa utulivu, nyuzi za udi unazisikia mmojammoja, na hata mtu ambaye hajawahi kuketi kwenye harusi ya pwani ataelewa kwa nini mzaliwa huyu wa Lamu, wa mwaka 1939, aliheshimiwa mpaka ng'ambo. Baada ya hiyo kijana atafute "The Swahili Song Book", ya Dizim Records ya Ujerumani. Akitaka kujua Mombasa nzima ilikuwa ikilia vipi miaka ya nyuma, Buda Musique ya Ufaransa imetenga diski ya pili ya mfululizo wake wa Zanzibara kwa taarabu ya Mombasa ya kati ya mwaka 1965 na 1975. Kwa kulinganisha, amsikilize pia Zuhura Swaleh katika "Jino la Pembe", ya mwaka 1992.

Ukizipanga diski za Zein na kuzisikiliza mfululizo, jioni moja inatosha. Hapo ndipo jibu fupi linapopungua. Zein, aliyefariki mwaka 2016, alipiga udi harusini kwa miongo mingi, usiku hata usiku, na kazi ya namna hiyo haiingii katika jioni moja. Sehemu kubwa ya kazi yake, na ya waimbaji wenzake kina Maulidi Juma na Juma Bhalo, imo kwenye kanda: zile za dukani zenye karatasi na picha ya mwimbaji, na zile zilizorekodiwa na shemeji wa bwana harusi kwa redio kaseti iliyowekwa karibu na spika. Ziko Amu, Shela, Matondoni, Pate, Siyu, Faza. Ziko chini ya vitanda na juu ya makabati. Albamu zenyewe ni hizo, na makala haya ni ya mtu aliye nazo nyumbani na hajui azifanyeje.

Neno la kwanza, na ukisahau mengine yote usilisahau hili: kanda inanakiliwa nzima, upande mzima, kuanzia mlio wa kitufe hadi utepe unapokwisha. Usiikate kuwa nyimbo.

Sababu inataka historia kidogo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV, upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu. Wimbo uliokuwa ukiimbwa mpaka wasikilizaji wakinai ukalazimika kujikunja uingie humo. Santuri ndogo zilizofuata, zikiwemo zile za Mzuri zilizotolewa Mombasa na duka la Assanand, hazikuongeza nafasi kubwa. Mara nyingi wimbo uligawiwa sehemu mbili, nusu ya kwanza upande wa kwanza, nusu ya pili unageuza. Kwa hiyo miaka yote hiyo tulikuwa tukisikia taarabu kwa kipimo cha mashine. Kaseti ndiyo iliyoifungulia mlango. Kanda ya dakika 60 inatoa nusu saa kila upande, ya 90 inatoa dakika 45, na gharama yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu wa kawaida aliweza kuiacha inazunguka tu. Wimbo mmoja harusini ukichukua robo saa, kanda iliupokea wote. Jina la duka la Mbwana Radio Service la Mombasa likaenea pwani nzima kwa sababu ya kanda hizo.

Sasa tazama tunavyozifanya. Mtu anachukua kanda ya mamaye, anaipeleka kwa kijana mwenye kompyuta, inarudi ikiwa flashi yenye mafaili yaliyoitwa "Track 01", "Track 02". Kila wimbo umeanzia pale sauti ya mwimbaji inapoingia. Taksimu ya udi iliyotangulia imetupwa, eti ni kelele za kujaribu nyuzi. Mtangazaji aliyetaja ni harusi ya nani ametupwa. Vigelegele vimetupwa. Mtu aliyesimama kutunza kwenye ubeti wa tatu, na mwimbaji akaurudia ubeti huo kwa ajili yake, naye hayumo. Huo ni ubomoaji. Tumeipokea sauti iliyoshinda kipimo cha santuri, kisha wenyewe tukairudisha kwenye dakika tatu. Anayetaka wimbo mmoja wa kusikiliza garini na aukate baadaye, kutoka kwenye nakala. Ile kuu ibaki ilivyo.

Kabla ya kunakili, kanda yenyewe. Adui wa kanda visiwani petu ni unyevu na chumvi, na joto linavisaidia kazi. Utepe ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi, na gundi hiyo ikinyonya maji mwaka baada ya mwaka, hulegea. Nyumba zetu za mawe zina zidaka nzuri ajabu, na wengi huweka kanda humo kwa kuwa ni mahali pa vitu vya heshima. Ziondoe. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini na kutoa chumvi. Umeiona ikichanua kama unga mweupe kwenye lipu. Kanda iliyoegemea ukuta huo inakunywa kila siku. Zihamishie kabati la mbao lililo mbali kidogo na ukuta, orofa ya juu badala ya chini, zisimame wima kama vitabu, ndani ya chombo chenye kifuniko kinachobana. Tia humo vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe. Usiziweke juu ya spika, maana ndani ya spika mna sumaku, na sumaku ndiyo iliyoandika sauti ile na inaweza kuifuta.

Kazi ya kunakili ipange wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu. Mvua za masika na kusi lake zikishaingia, kanda iliyokuwa ikipita vizuri inaweza kuanza kulia na kung'ang'ania. Si lazima ungoje ikiwa mzee mwenye kuijua ni mgonjwa, hilo nitalirudia. Lakini ukiwa na hiari, ngoja kaskazi.

Itazame kila kanda kwenye mwanga kabla haijaingia mashineni. Ukiona unga mweupe au madoa kwenye kingo za utepe uliojiviringa, huo ni ukungu, na usiicheze kanda hiyo. Itachafua mashine, na mashine itazipaka nyingine zote. Itenge kwenye mfuko wake, ikauke polepole mahali penye hewa pasipo jua, kisha umtafute mtu mwenye uzoefu. Kama iko safi, tazama pale mbele katikati: pawepo kipande kidogo cha sponji au kitambaa juu ya chuma chembamba kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha mashine. Kikianguka, na kwenye kanda za zamani huanguka mno, sauti huwa hafifu kama inatoka nyumba ya tatu, na wengi hudhani kanda imekufa. Haijafa. Toa kile kipande kwenye kanda tupu isiyo na kazi, ukibandike. Bora zaidi, ikiwa ganda limefungwa kwa skrubu, hamisha utepe wote kwenye ganda zima. Utepe uliokatika unaungwa kwa utepe wa gundi uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Selotepu ya dukani usiitumie, gundi yake huvuja na kushikanisha mizunguko.

Halafu vunja vile vijino viwili vya juu, kama bado vipo. Vikiwapo, mashine inaruhusiwa kurekodi juu ya sauti iliyopo, na kidole kimoja cha mtoto kinatosha kuifuta harusi ya bibi yake. Mwisho, ipeleke kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma mara moja, taratibu, ili mizunguko iliyoshikana iachane. Kwa ile iliyo dhaifu, fanya kwa mkono, kwa penseli au kalamu ya biki yenye pembe. Kanda za dakika 90 zina utepe mwembamba kuliko za 60, na za 120 mwembamba zaidi. Hizo usizikimbize kabisa.

Kuhusu mashine sina maneno mengi ila onyo. Vile vikaseti vidogo vya bei rahisi vyenye waya wa USB, vinavyotangazwa kwamba vitageuza kanda zako zote kuwa mafaili kwa siku moja, viache. Mwendo wake hauko sawa, na udi ukiyumba hata kidogo sikio linaumia. Afadhali deki ya zamani ya mezani iliyopita mikononi mwa fundi akabadilisha mikanda ya mpira. Mombasa bado utazipata, na mafundi wanaozijua wapo, ingawa wanazeeka. Safisha kichwa na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti ya kusafishia, ile yenye maji kidogo kabisa, kila baada ya kanda chache. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, ni unga wa kanda huo, endelea mpaka itoke nyeupe. Kama kuna kitufe cha kupunguza mvumo, kizime. Mvumo hauui mtu, na ukiupunguza wakati wa kunakili unaondoka na sauti za juu za udi, nazo hazirudi tena.

Jambo moja linalopuuzwa: kichwa cha mashine kinaweza kuinamishwa kwa skrubu ndogo iliyo pembeni mwake. Redio kaseti iliyorekodi harusi ile pengine kichwa chake kilikuwa kimeinama kidogo, na kwenye mashine nyingine kanda hiyo itasikika imefunikwa. Ukiigeuza skrubu hiyo polepole sana huku ukisikiliza, utafika mahali ambapo ghafla herufi za mwimbaji zinatoka wazi na nyuzi zinang'aa. Acha hapo, rekodi, kisha fanya vivyo hivyo kwa kanda inayofuata. Mwenye sikio la taarabu anaifanya kazi hii vizuri kuliko fundi asiyelipenda pigo la udi.

Kutoka mashineni waya uende kwenye kompyuta kupitia kisanduku kidogo cha sauti chenye njia ya kuingizia ya stereo. Tundu la maikrofoni la kompyuta ndogo halifai, linapokea upande mmoja na linakoroma. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Kabla ya kubonyeza, tafuta sehemu yenye vigelegele na dumbaki, kwa kuwa hizo ndizo kelele kubwa kuliko zote, upime nguvu ya sauti kwa hizo ili isiguse wekundu. Wengi hupimia udi, na vigelegele vikija vinapasuka. Hifadhi kwa muundo wa WAV, biti 24 na kilohezi 48. Saa moja itakula takriban gigabaiti moja, kwa hiyo diski ya kawaida ya nje ya terabaiti moja itameza mamia ya kanda. MP3 itengeneze baadaye kwa ajili ya simu na WhatsApp. Iwe tawi, isiwe shina. Kanda dhaifu peke yake usiipime hivyo: mara ya kwanza unapoicheza, iwe tayari unarekodi. Usiicheze kwanza "kusikia ina nini", maana huenda hiyo ndiyo safari yake ya mwisho.

Nimekaa sana kwenye vyuma, na ilibidi, lakini vyuma ndiyo sehemu rahisi. Kazi nzito ni karatasi.

Kanda ya harusi bila maelezo ni sauti za watu wasiojulikana wakimwimbia mtu asiyejulikana. Kwa kila kanda andika: harusi ya nani na nani, mtaa gani, mwaka gani hata kwa kukisia, nani anaimba, nani ana udi, nani ana fidla au tashkota, nani yuko kwenye dumbaki. Kisha uliza swali ambalo wanaokusanya muziki hulisahau: nani alitunga? Kwetu mwimbaji na malenga ni watu wawili mara nyingi. Juma Bhalo aliimba mengi ya Ahmad Nassir na ya Abdalla Said Kizere. Sheikh Ahmed Nabhany, mtu wa Matondoni aliyezaliwa mwaka 1927 na kutuachia "Sambo ya Kiwandeo" na "Umbuji wa Mnazi", alikuwa na mkono katika nyimbo pia. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, tunayemwita Mahmoud Mau, imamu wa Msikiti wa Pwani, mashairi yake yalizunguka Amu kwa kanda zamani kabla ya wachapishaji wa Brill kuyatia kitabuni mwaka 2023. Kwa hiyo usidharau kanda isiyo na ala. Huenda ni utenzi unaosomwa kwa sauti, na huenda ndiyo nakala pekee ya usomaji ule.

Maelezo hayo hayapatikani kwa kuuliza juu juu. Keti na mama aliyekuwa bibi harusi, na shoga yake aliyekuwepo, wakati mmoja, uicheze ile nakala ya simu, na simu ya pili iwe inarekodi mazungumzo yao. Wawili hukumbushana na kusahihishana. Mmoja peke yake hukupa adabu tu. Kisha watake wakuandikie maneno ya wimbo, kwa Kiamu chake, bila kuyasawazisha yafanane na Kiswahili cha shuleni. Kijana akiandika peke yake atageuza "nti" kuwa "nchi" kwa kudhani anasaidia, na vina vitaanguka.

Hapo utakutana na jambo la sitara, na hili halina mashine. Taarabu yetu ni ya mafumbo. Ubeti uliorudiwa usiku ule pengine ulimlenga jirani, na jirani huyo wajukuu wake wako hai. Waliokuambia maana ya fumbo hawakukupa ruhusa ya kulitangaza. Andika maana hiyo, iweke, lakini isiende na wimbo. Tena kuna kanda za ndani, za shughuli za wanawake: vugo, lelemama, usiku wa kupamba. Wale mabibi waliimba wakijua wako peke yao. Kuzitia YouTube kwa kuwa "ni utamaduni wetu" ni kuwavunjia staha ambayo walijua wazi wanaitaka. Wanawake wa nyumba hiyo ndio waamuzi: kanda inakiliwe na nani, isikilizwe na nani, na ikae wapi. Ikiwa anayenakili lazima awe mwanamke, basi mfundishe mwanamke kazi, haichukui wiki.

Sheria nayo ina lake. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake, na ya rekodi yenyewe miaka 50 tangu ilipofanywa. Kunakili kanda yako uitunze nyumbani hakuna atakayekushitaki. Kuiuza kwa flashi sokoni, au kuipandisha mtandaoni upate pesa za matangazo, ni jambo jingine: watoto wa Zein wapo, watoto wa watunzi wapo, na wengine wanaishi mitaa miwili kutoka kwako. Wabishie hodi kwanza.

Nakala ziwe tatu, na mojawapo isikae kisiwani. Moja kwako, moja kwa ndugu aliyeko Mombasa au Muscat, ya tatu kwenye taasisi kama familia imeridhia. Makumbusho ya Lamu yako mlangoni, na Mombasa kuna RISSEA, taasisi ya utafiti wa Uswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Miswada ya Msikiti wa Riyadha hapa Lamu iliwahi kupigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kumbukumbu zilizo hatarini, kwa hiyo si ajabu wala si kiburi kudai kwamba sauti nazo zinastahili. Unapokabidhi, andika masharti kwa karatasi, yatiwe sahihi na pande zote mbili: nani aruhusiwe kusikiliza, nani kunakili, mpaka lini. Na kanda asili usiitoe wala usiitupe. Diski hufa bila kuaga, na kanda iliyotunzwa inaweza kuchezwa tena kwa mashine bora kuliko yako.

Kama sanduku limejaa na hujui uanzie wapi, usianze na Zein wa dukani mwenye picha na namba. Huyo alinakiliwa kwa wingi, na nyumba nyingine itakuwa naye. Anza na ile isiyo na karatasi, iliyorekodiwa ukumbini au uani, ambayo mwenye kuijua yuko hai na kumbukumbu yake haijachoka. Nenda kwake wiki hii, hata kama ni masika na hewa imejaa maji.